Sajili Kwanza, Sambaza Baadaye: Namna ya Kuipinga Kanuni Mpya ya Android bila Kutia Chumvi

Ujumbe wa aina hii haukosekani kwenye magrupu ya WhatsApp. Unakuja kwa herufi kubwa na alama za mshangao tatu tatu: Google inafunga APK, Android imekwisha, kila programu uliyoipata nje ya Play Store itafutwa usiku mmoja. Mtu wa pili akiupeleka mbele anaongeza lake, kwamba sasa Google itakagua kila programu mstari kwa mstari. Ukimfikia wa kumi, ambaye pengine ndiye pekee anayelijua jambo lenyewe, anausoma, anacheka, anaufuta. Pamoja na uongo ule anakuwa ameufuta ukweli uliokuwa ndani yake.

Ukweli upo. Kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji wa programu za Android wajisajili kwa Google, hata wale wasiotaka kuuza wala kugawa chochote kwenye duka la Google, ina kasoro kubwa, na mwandishi wa makala haya anaipinga. Lakini kasoro hizo zina mipaka. Anayevuka mipaka hiyo anampa mpinzani wake kazi nyepesi: kukanusha lililo la uongo na kulinyamazia lililo la kweli. Kwa hiyo tuanze na kilichotangazwa, kisha tuone hoja zipi zinasimama na zipi zinaanguka zikiguswa kidogo tu.

Kilichotangazwa hasa

Tarehe 25 Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitasakinisha tu programu za watengenezaji waliothibitishwa utambulisho wao. Utekelezaji ulipangiwa kuanza Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao hazimo katika kundi la kwanza. Anayekuambia kwamba simu yako ya Mwanza au Mombasa inafungwa mwezi huo amekosea nchi au amekosea mwaka.

Simu zilizoidhinishwa ni zile zinazokuja na huduma za Google, yaani Samsung, Tecno, Infinix, itel na nyingine zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue. Simu mpya za Huawei zisizo na huduma hizo hazihusiki, wala simu iliyowekwa mfumo mwingine kama LineageOS. Njia hiyo ya pili hutajwa sana na mafundi kama jibu la kila kitu. Wanasahau kuongeza kwamba baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyobadilishwa mfumo.

Anayejisajili anatoa jina lake la kisheria, anwani, barua pepe na namba ya simu, na anaweza kudaiwa kitambulisho cha serikali. Kampuni au taasisi inatakiwa pia iwe na namba ya D-U-N-S, yenye tarakimu tisa, inayotolewa na Dun & Bradstreet ya Marekani. Namba hiyo ni ya bure, ila kuipata kunaweza kuchukua hadi siku 30. Ada ya kujisajili ni dola 25, hulipwa mara moja tu. Kisha mtengenezaji anasajili jina la kifurushi la kila programu yake na kuonyesha kwamba ufunguo unaoitia saini ni wake.

Kwa aliyezoea Play Store hakuna kigeni hapa. Duka hilo limekuwa likikaza masharti ya utambulisho tangu 2023, na ada ya dola 25 ni ya siku nyingi. Jipya ni mahali masharti yanapofanya kazi. Zamani yalikuwa masharti ya duka: usipoyataka hukwenda dukani, unaweka faili la kusakinishia programu yako, yaani APK, kwenye tovuti yako, anayelitaka analipakua, simu inamwonya, anakubali, basi. Sasa masharti yanahamia ndani ya simu ya mnunuzi. Duka huna tena haja ya kulikanyaga ili likuhusu.

Malalamiko yalipozidi, Google ililegeza. Novemba 2025 ilisema itaweka njia kwa watumiaji wazoefu ya kusakinisha programu zisizothibitishwa, pamoja na akaunti maalumu za wanafunzi na wanaojifunza. Machi 2026 ilieleza undani wake. Mtumiaji atawasha hali ya msanidi kwenye mipangilio, atathibitisha kwamba hakuna mtu anayemwelekeza, atazima na kuwasha simu, atasubiri siku nzima, kisha atathibitisha tena kwamba ni yeye. Hufanywa mara moja, na baada ya hapo anachagua ruhusa ya siku saba au ya kudumu. Akaunti ya mwanafunzi haina ada wala haidai kitambulisho cha serikali, ila programu yake haitavuka vifaa 20. Vilevile anayesakinisha kwa kebo kutoka kwenye kompyuta, kwa chombo cha ADB, haguswi.

Ya kuachana nayo

Kwa hiyo usiseme kwamba Google imepiga marufuku programu za nje ya Play Store. Haijafanya hivyo. Mtengenezaji aliyejisajili ataendelea kugawa APK yake kwenye tovuti yake, na mwenye subira ya siku moja atasakinisha hata ya ambaye hakujisajili.

Usiseme kwamba Google itakagua kila programu. Kampuni yenyewe imesema haitapitia yaliyomo. Inataka kumjua mwenye programu. Ilifananisha na ukaguzi wa kitambulisho uwanja wa ndege, ulio tofauti na ukaguzi wa mizigo. Mfano huo nitaurudia, kwa sababu ukiutazama vizuri unawageukia walioutoa.

Usiseme kwamba programu zilizomo kwenye simu yako zitafutwa. Tangazo linahusu kusakinisha. Swali la haki ni la masasisho: kasoro ya usalama ikigunduliwa kwenye programu isiyosajiliwa, marekebisho yatamfikiaje mtu ambaye hakuipitia ile njia ndefu?

Na usiwatishe watu wanaorushiana programu kwa Xender pale ambapo bando ni ghali. Usajili unafuata saini iliyo ndani ya faili. Nakala halisi ya programu iliyosajiliwa inabaki na saini ileile hata ikipita kwenye simu kumi. Nakala iliyochezewa ndiyo inayopoteza saini ya mwenyewe, na kusema kweli hiyo ndiyo tunayotaka ikwame.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wapinzani wengi wa kanuni hii hawapendi kulitamka: APK za mtaani zimeumiza watu. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky iligundua kirusi cha Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, mojawapo ya zile WhatsApp za pembeni ambazo kwetu husambazwa kama njugu kwa sababu zinaficha alama za kusoma na kuruhusu namba mbili. Anayesema tatizo ni la kubuni hajawahi kumsaidia mzazi wake kusafisha simu inayofungua matangazo yenyewe. Hoja nzuri inaanza kwa kukubali kwamba ugonjwa upo, ndipo ihoji dawa.

Takwimu ya mara 50

Google ilitetea kanuni yake kwa kusema kwamba uchambuzi wake ulikuta programu hasidi zaidi ya mara 50 kwenye vyanzo vya intaneti kuliko kwenye Play. Watu huijibu namba hii kwa njia mbili, zote mbaya. Kuna wanaosema ni ya kupika, bila ushahidi wowote. Wengine hukubali kwamba imemaliza mjadala.

Jibu bora ni kuuliza inapima nini. Inalinganisha sehemu mbili, duka linalokaguliwa na intaneti nzima, ambamo tovuti ya msomi na kiungo cha tapeli vimewekwa kapu moja. Haisemi ni sehemu gani ya programu hasidi zingezuiwa kwa kumtaka mwenyewe aonyeshe kitambulisho. Duka hilo halitofautiani na intaneti kwa kitambulisho tu: linakagua mizigo pia, kwa ule mfano wao. Ukichukua nusu moja ya uwanja wa ndege huwezi kudai usalama wa uwanja mzima. Tena namba imetoka kwa mwenye kanuni, na hilo haliifanyi kuwa ya uongo, ila linatupa haki ya kuomba njia iliyotumika kuipata.

Kuna namba nyingine ambazo mkosoaji mwaminifu anapaswa kuzitaja ingawa hazimpendelei. Kwa ripoti za Google, mwaka 2023 akaunti 333,000 za watengenezaji wabaya zilifungiwa kwenye Play. Mwaka 2024 zilikuwa zaidi ya 158,000. Kati ya hapo ndipo masharti ya utambulisho yalipokazwa. Huenda yalisaidia. Huenda pia mbinu za kugundua zilibadilika, au matapeli walihamia kwingine. Mteremko wa namba mbili hauthibitishi sababu, lakini kuuficha ni kujitafutia aibu siku mtu atakapousoma mbele ya hadhira.

Tulivyojifunza kwa laini za simu

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda Brazil kutafuta mfano wa usajili wa lazima. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019, na zilizobaki bila usajili zikaanza kuzimwa Januari 2020. Kila mtu alipanga foleni na namba yake ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Je, ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulikwisha? Hata watoto wanajua jibu.

Sababu haikuwa siri. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, mara nyingi mwenyewe hajui. Ndiyo maana tumepewa *106#, mtu aangalie ni laini ngapi zimebeba jina lake. Tapeli anayeishi kwa utapeli ana bajeti ya kununua jina. Mwanafunzi wa Dodoma anayetengeneza kikokotoo cha mazao hana.

Kwa watengenezaji wa programu soko la majina lipo tayari. Aprili 2023 Kaspersky ilichapisha uchunguzi wa mitandao ya gizani na kukuta akaunti za watengenezaji wa Google Play zikiuzwa kati ya dola 60 na 200. Uchunguzi ule ulitangulia masharti makali ya utambulisho ya baadaye, kwa hiyo bei huenda imepanda. Bei kupanda nako ni mafanikio ya aina fulani: tapeli mdogo anakatishwa tamaa, na mwenye akaunti iliyofungiwa hawezi kurudi kesho yake kwa jina jingine kirahisi kama zamani. Hilo ndilo Google inalodai, na ni dai la maana. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba usajili unaongeza gharama ya uhalifu bila kuuzima, na kwamba gharama hiyohiyo wanaibeba wasio na hatia, ambao ndio wengi na ndio maskini zaidi.

Halafu kuna programu za mikopo. Kenya ilizijua vizuri kabla ya kanuni za Benki Kuu za 2022: ulichelewa kulipa, wakampigia mama mkwe, mwajiri na fundi wako wa viatu, wote waliomo kwenye kitabu cha simu. Programu nyingi za aina hiyo hazikutoka uchochoroni. Zilikuwa Play Store, na wenyewe walikuwa na akaunti. Kilichozibana kilikuwa leseni ya Benki Kuu, ambayo Google ilianza kuidai kwa programu za mikopo za Kenya mwishoni mwa Januari 2023, na adhabu za Kamishna wa Ulinzi wa Data. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni Novemba 2024. Katika kisa hiki duka lilitumia nguvu zake vizuri, tukubali. Lakini lilizitumia baada ya sheria ya nchi kusema nani anaruhusiwa kukopesha. Kumjua mtu jina peke yake kulikuwa hakujamzuia kudhalilisha watu.

Wanaoumia ni nani hasa

Hapa wakosoaji huanguka kwa kusema "watengenezaji wote". Si wote. Kampuni yenye ofisi Upanga na hesabu zilizokaguliwa itajaza fomu mchana mmoja. Mifumo kama DHIS2, inayotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ina Chuo Kikuu cha Oslo nyuma yake. Itasajiliwa na kazi itaendelea. Wagusie hao na utaonekana hujui unachosema.

Mwanafunzi wa kawaida naye amepata unafuu kwa ile akaunti ya vifaa 20. Tatizo lake linaanza programu inapopendwa. Chama cha kuweka na kukopa cha kijiji kikiwa na wanachama 60, vifaa 20 havitoshi, na hapo anaingia kwenye dola 25, zaidi ya shilingi 60,000 za Tanzania au kama 3,200 za Kenya, na kadi inayokubalika nje. Kadi siku hizi hupatikana kupitia M-Pesa, kwa hiyo kizuizi hiki ni kidogo kuliko kinavyotangazwa. Nisingekijengea hoja. Kitambulisho ni kizito zaidi. Wapo wenye namba ya NIDA wasio na kadi, na wapo vijana waliokulia kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma au Nyarugusu wanaojua kuandika programu na hawana kitambulisho cha taifa lolote.

Anayefuata ni mwenye sababu ya kuficha jina: anayetengeneza programu ya kupokea taarifa za ukatili wa kijinsia, ya kukwepa udhibiti wa mtandao, ya kuhifadhi ushahidi wa rushwa. Kwake, kuweka jina la kisheria na anwani kwenye hazina ya kampuni moja ni hatari hata kama kampuni hiyo haina nia mbaya, maana hazina huombwa na mahakama, na huibwa. Usiseme Google itawakabidhi. Sema wanatakiwa waamini kwamba haitalazimishwa, na hawana pa kukata rufaa ikilazimishwa.

Lakini anayeumia kwa namna ambayo hakuna fomu inayoweza kuitibu ni F-Droid, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayoelezwa vibaya kuliko zote.

F-Droid ni hazina ya programu huria iliyoanza 2010. Haipokei faili lililokwisha kutengenezwa na kuliamini. Inachukua msimbo ulio wazi kwa kila mtu, inaujenga yenyewe, na mara nyingi inatia saini kwa ufunguo wake yenyewe. Maana yake ni kwamba mtumiaji anajua alichosakinisha kimetoka kwenye msimbo ambao yeyote anaweza kuusoma. Ni kinga ya aina nyingine kabisa: Google inauliza "wewe ni nani?", F-Droid inauliza "umeweka nini humu?". Kwa swali la kirusi, nadhani la pili ndilo swali lenyewe.

Sasa chukua kanuni mpya. Kila jina la kifurushi liwe na mwenyewe aliyesajiliwa. Programu za F-Droid ziliandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengine wa kujitolea, wengine wanaotumia majina ya bandia, wengine walioacha mradi miaka iliyopita ingawa bado unatumika. F-Droid haiwezi kuwalazimisha wajisajili. Ikijisajili kwa niaba yao, inakuwa imejimilikisha majina ya kazi za wengine, jambo ambalo Septemba 2025 ilisema haiko tayari kulifanya. Ilionya kwamba kanuni kama ilivyotangazwa wakati ule ingeumaliza mradi wake. Ile njia ya siku moja ya kusubiri, iliyokuja baadaye, imepunguza makali: mtumiaji wa F-Droid aliyedhamiria atapita. Asiyedhamiria, ambaye angeijaribu tu kwa sababu rafiki kamtajia, ataishia kwenye onyo la kwanza. Hazina ya aina hii huishi kwa watu wa aina hiyo.

Nani anashika kitasa

Programu ya NewPipe hucheza video za YouTube bila matangazo. Haiko Play Store, na kwa masharti ya YouTube haishangazi. YouTube ni ya Google. Chini ya kanuni mpya, Google ndiyo itakayoamua nani ni mtengenezaji aliyethibitishwa na nani amepoteza hadhi hiyo. Mkosoaji mwenye haraka ataandika kwamba Google inataka kuiua NewPipe. Hana ushahidi wa hilo. Mwenye makini ataandika kwamba msajili ana maslahi ya kibiashara katika kesi atakazoziamua, na kwamba hakuna chombo huru kinachosikiliza rufaa. Sentensi ya pili ni fupi, haina kelele, na haijibiki kirahisi.

Vivyo hivyo kwa shinikizo la serikali. Septemba 2021, siku ya kwanza ya uchaguzi wa bunge wa Urusi, Apple na Google ziliondoa kwenye maduka yao programu ya wafuasi wa mpinzani wa serikali Alexei Navalny iliyowaelekeza wapiga kura. Mwenye iPhone aliyekuwa hajaipata alikwama. Mwenye Android bado angeweza kusakinisha APK kutoka kwingine. Tofauti hiyo moja ndiyo iliyo mezani leo. Oktoba 2025 Apple iliondoa ICEBlock, programu ya kuripoti walipo maofisa wa uhamiaji, baada ya kushinikizwa na Mwanasheria Mkuu wa Marekani, kwa hiyo asidhani mtu kwamba ni mambo ya Moscow peke yake. Visa hivi haviithibitishii Google nia yoyote. Vinathibitisha kwamba palipo na kitasa kimoja, wenye nguvu hujua pa kukishika. Nchini Tanzania, ambako Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili, au Uganda, ambako intaneti ilizimwa katika uchaguzi wa Januari 2021 na wa Januari 2026, hoja hii haihitaji maelezo marefu.

Kuhusu nia, jizuie. Wengi wameona kwamba tangazo la Agosti 2025 lilikuja wiki chache baada ya mahakama ya rufaa ya Marekani kuidhinisha hukumu ya kesi ya kampuni ya michezo ya Epic dhidi ya Google, iliyolazimisha Play ifungue milango kwa maduka mengine. Taja tarehe ukipenda, msomaji ana akili zake. Kuzidi hapo ni kubashiri.

Njia iliyojaribiwa Kenya

Ukipinga, utaulizwa: wewe ungefanya nini? Jibu moja liko karibu. Februari 2024 Google ilianza na Singapore jaribio la kuzuia programu zinazotoka kwenye kivinjari, ujumbe au kidhibiti faili na kudai ruhusa ambazo matapeli huzipenda, kama kusoma SMS, kusikiliza arifa na huduma za ufikivu. Baadaye jaribio hilo lilipelekwa katika nchi kadhaa, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini zikiwemo. Kwa hesabu za Google yenyewe, kufikia mwisho wa 2024 lilikuwa limezuia majaribio milioni 36 ya kusakinisha programu za hatari kwenye vifaa milioni 10.

Hatua hii inalenga tabia ya programu. Kikokotoo cha mazao kisichodai kusoma SMS kinapita bila kuulizwa jina la mwandishi wake. "Programu ya benki" iliyotumwa kwa kiungo na kudai kusoma namba za siri inakwama. Ina dosari zake, kwa mfano programu halali za walemavu zinahitaji huduma za ufikivu. Hata hivyo iwapo ilifanya kazi kama inavyosifiwa, Google inadaiwa maelezo kwa nini haikutosha. Hilo ni swali la kuliuliza kwa maandishi.

Uandike wapi? Google ina fomu ya maoni kwenye kurasa zake za uthibitisho wa watengenezaji, na tumeshaona kwamba malalamiko ya 2025 yalileta mabadiliko. Kwa Tanzania, Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa Kenya, Mamlaka ya Ushindani na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wakati unasubiri, kama unatengeneza programu, hifadhi ufunguo wako wa saini sehemu mbili na uombe D-U-N-S mapema ikiwa ni taasisi. Aliyepoteza ufunguo hatathibitisha chochote kwa mtu yeyote.

Barua inaweza kwenda hivi:

"Ndugu, mimi ni mtengenezaji wa programu ya kumbukumbu za vikoba inayotumiwa na vikundi vitatu wilayani kwetu, nje ya Play Store. Natambua kwamba programu hasidi ni tatizo la kweli na kwamba mmeweka njia kwa watumiaji wazoefu na akaunti za wanafunzi. Nina maombi manne. Kwanza, chapisheni njia mliyotumia kupata takwimu ya mara 50, na makadirio ya madhara yatakayozuiwa na usajili peke yake. Pili, elezeni kwa nini kuzuia ruhusa hatari, kama mlivyofanya Kenya, hakutoshi. Tatu, wekeni chombo huru cha rufaa kwa anayenyimwa au kunyang'anywa uthibitisho, chenye muda maalumu wa kujibu. Nne, zitambueni hazina zinazojenga programu kutoka msimbo huria bila kumdai kila mwandishi wa msimbo kitambulisho. Vikundi vyangu vina simu 60, na akaunti ya vifaa 20 hainitoshi. Naomba kujibiwa kabla kanuni haijafika nchini kwetu."

Badilisha namba na kazi ziwe zako. Na kabla ya kutuma, soma upya masharti kwenye ukurasa rasmi, kwa kuwa yamekwisha badilika tangu tangazo la kwanza. Kulalamikia kifungu kilichokwisha kuondolewa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya barua kutupwa.